Siku Mwalimu Kristian Alipomsemea Yona

Wanasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili halikuwepo, wala haliji. Mwalimu Kristian Shemhilu hakumkana Mungu kwa kipaza sauti. Hakutengwa na kanisa hata kwa Jumapili moja. Hakupiga magoti mbele ya usharika kuomba radhi, na anayesema alimwona amepiga magoti aseme pia yeye mwenyewe alikuwa amekaa benchi gani. Habari hiyo imesafiri kutoka Lukozi hadi Mnazi, juu ya magunia ya kabichi na nyuma ya pikipiki, na kila ilikopita imetiwa chumvi. Mwenye jina amelala, hawezi kujibu. Basi na isimuliwe mara moja, kama ilivyokuwa, na mtu aliyekuwa benchi la pili.

Kristian alizaliwa Vuga. Bibi yake, wakiota moto jikoni, alimsimulia aliyoyapokea kwa wakubwa zake: jinsi Vuga ya zamani, mji wa nyumba za majani, ulivyowahi kuteketea, cheche ikiruka kutoka paa hadi paa, na watu wakasimama mtelemkoni wakitazama bila la kufanya. Alikua na picha hiyo kichwani. Alisoma, akawa mwalimu wa shule ya msingi, na Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kama mashati yake, ambayo aliyapiga pasi mwenyewe. Alimwoa Vumilia, mwalimu wa sekondari, ambaye shangazi zake walikuwa wameshamkatia tamaa wakisema amesoma mno, nani atamtaka. Wakajaliwa mtoto mmoja, Alen. Huyo walimzika akiwa kijana wa chuo, baada ya pikipiki kuteleza kwenye kona za Magamba wakati wa masika. Watu waliendelea kuwaita Baba Alen na Mama Alen, nao waliendelea kuitika.

Kilichomfanya Kristian ajulikane si ualimu. Kilikuwa ukalimani. Usharika wao, juu ya barabara iendayo Lukozi, hupokea wageni wengi kutoka Ulaya, na kila mgeni aliyepanda mimbari alimkuta Kristian nusu hatua nyuma ya bega lake. Wakalimani wengine husema, "Mgeni anasema kwamba." Kristian aliona huo ni woga. Mgeni akisema "mimi", naye alisema "mimi". Mgeni akilia, sauti ya Kristian ililowa. "Mfereji hauchagui maji," alizoea kusema, na watu wa milima ile, wanaopeana zamu za mfereji kumwagilia bustani zao, hawakuhitaji maelezo zaidi.

Mwaka mmoja mgeni alisimama baada ya kwaya tano, akasema amechoka kusubiri. Mchungaji akamkonyeza Kristian alainishe. Kristian akatazama mbele, akatamka: "Mimi nimechoshwa na nyimbo zenu."

Kwaya nzima ilinuna. Mama Esteria, kiongozi wa kwaya ya akina mama, mwanamke mwenye sauti ya kuvunja vikombe, alimpita mlangoni kama anayepita nguzo.

"Mama Esteria, si mimi niliyesema," Kristian alimkimbilia.

"Kinywa kilikuwa cha nani?"

"Changu, lakini..."

"Basi kaoshe."

Walipatana baadaye. Lakini swali hilo la kinywa lilibaki likizunguka, na siku ya sinema lilirudi.

Vijana wa usharika ndio walioileta. Ilikuwa sinema mpya ya Kimarekani kuhusu Nabii Yona, ya fedha nyingi, na picha ya kuitangaza ilionyesha samaki mkubwa kama mlima na mashua iliyosimama wima juu ya wimbi. Mchungaji alifurahi kuliko vijana wenyewe. Alitaka ionyeshwe katika ukumbi wa usharika, Jumamosi mchana, siku ambayo soko la chini limejaa. Kwa kuwa wengi hawakijui Kiingereza, Mwalimu angeitafsiri papo kwa papo. Na kwa kuwa Neno la Mungu halifichwi chini ya pishi, spika ingetundikwa nje, mdomo wake ukielekea sokoni, ili na wauza karoti wamsikie Yona.

"Baba Alen, itazame kwanza," Vumilia alimwambia mumewe jioni ile.

"Nitazame nini? Yona ana sura nne. Nazijua kama njia ya kwenda bombani."

"Wewe unazijua. Na hao wa Marekani?"

"Mama Alen, mtu hawezi kumwaga fedha kiasi kile halafu acheze na maandiko."

"Mwenye fedha kiasi kile ndiye anayecheza. Maskini anasoma kilichoandikwa."

Kristian alicheka, akachovya kipande cha muhogo kwenye chai. Alikuwa mnyenyekevu kwa mambo mengi, lakini si kwa Biblia wala Kiingereza, na siku hiyo vilikutana vyote viwili. Hakuitazama. Kama kulikuwa na kosa katika jambo hili zima, ni hilo, na mkewe alishalisema kabla halijatokea.

Vyombo alifunga Hamza, fundi wa redio na jirani yao, ambaye ndiye hufunga spika za kanisa na za msikiti, na harusi za pande zote. Alipanda ngazi, akatundika spika, akashuka akijipangusa mikono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Hamza. Utaingia utazame nasi?"

"Hapana, Mwalimu. Sisi Nabii Yunus hatumtafutii mtu wa kumwigiza. Leo anaigiza nabii, kesho unamkuta anatangaza sabuni. Mimi nitakaa hapa nje, nilinde waya."

"Utatusikia lakini."

"Nitakusikia wewe. Wewe nakujua."

Na kweli ndivyo alivyovifunga. Sauti ya sinema yenyewe ilitoka kwenye kisanduku kidogo ndani ya ukumbi. Spika ya nje ilibeba kipaza sauti cha Kristian peke yake. Jambo hili lishikwe vizuri, maana uvumi wote ulizaliwa hapo: waliokuwa sokoni hawakuona picha, hawakumsikia Mmarekani, walisikia tu sauti ya Mwalimu Kristian wanayemjua, ikisema "mimi".

Madirisha yalizibwa kwa mablanketi. Ukumbi ulijaa hadi watoto wakakaa sakafuni. Bahari ilipochafuka, akina mama walishika vichwa, na samaki alipofungua kinywa, mtoto mmoja alipiga yowe, watu wakacheka kwa furaha. Kristian, amesimama pembeni ya kitambaa cheupe, alitafsiri kama maji yanavyoshuka Magamba. Mchungaji alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Kisha Yona akatapikwa pwani, na hapo wenye sinema wakatupa Biblia na kuandika ya kwao.

Ikaonekana kwamba Yona huyo alikuwa askari mstaafu. Alikuwa na mke aliyejipamba, na wakakumbatiana kwa muda ambao haukuwa wa kanisani.

"Sura ya ngapi hiyo?" aliuliza mzee mmoja gizani.

"Ya tano!" alijibu mwenzake, na ukumbi ukaangua kicheko.

Lakini kicheko hakikudumu. Ikaonekana kwamba Yona alikuwa na mwana mmoja tu, na watu wa Ninawi walimwua. Ndiyo sababu hakutaka kwenda kuwahubiria. Mwigizaji alipiga magoti mchangani, akainua uso, akaanza kuongea na mbingu. Vumilia, pale benchi la pili, alielewa Kiingereza kile kabla mumewe hajafumbua mdomo. Alimtazama. Aliona mkono ulioshika kipaza sauti ukishuka kidogo, halafu ukipanda tena.

"Mimi nilikuomba kitu kimoja," Kristian alisema. "Nilikuomba mwanangu. Hukumrudisha."

Akaendelea:

"Mimi nimekutumikia tangu ujana wangu. Umenilipa nini? Wewe ni mwongo. Mimi sina Mungu tena."

"Mwalimu!" Mama Esteria alisimama. "Mwalimu Kristian, acha! Hebu acha hayo!"

Hakuacha. Mfereji hauchagui maji. Mama Esteria alijifunga khanga, akatoka na nusu ya kwaya, mlango ukagonga. Nje, chini kule sokoni, mwanamke aliyekuwa akipima njegere aliacha mkono hewani. Mizani ilibaki inaning'inia. Baadaye ilisemwa kwamba soko zima lilikaa kimya, na hilo angalau ni kweli.

Mwisho wa sinema ulikuwa mbaya zaidi. Katika Biblia Ninawi inatubu, Mungu anausamehe mji, na Yona ananuna kwa sababu ya msamaha huo. Lakini sinema ya fedha nyingi haiwezi kwisha kwa mzee aliyenuna chini ya mmea. Ninawi iliungua. Paa moja baada ya jingine, cheche zikiruka, na watu wakikimbia na watoto mgongoni, huku Yona amesimama kilimani akitabasamu. Vijana walishangilia moto. Wazee walikuwa wakiinuka, wanatafuta viatu, wananung'unika.

Kristian alitafsiri hadi neno la mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo Vumilia alilielewa pale pale, na wengine hawajalielewa hadi leo. Alizima kipaza sauti, akakiweka juu ya meza. Kwake kifaa kile kilikuwa cha kusemea maneno ya wengine, na sasa alitaka kusema yake. Akasema, kwa sauti yake tupu, katikati ya kelele za mabenchi:

"Hayo yalikuwa maneno ya sinema. Ninawi haikuungua. Mungu aliuhurumia mji ule, watu na mifugo yao. Mimi Kristian naamini hivyo."

Waliomsikia walikuwa wa mabenchi mawili ya mbele, na Hamza, ambaye sauti ilipokatika aliingia mbio akidhani waya umechomoka. Sokoni hawakusikia neno. Kumkana Mungu kulifika hadi kwa wauza karoti, lakini kumkiri kuliishia benchi la pili.

Hadi Jumatatu uvumi ulikuwa umeshaota miguu. Vijana wa bodaboda waliigiza sauti yake kijiweni: "Mimi sina Mungu tena!" Mama mmoja alifika nyumbani na kikapu cha mapeasi, akamshika Vumilia mikono yote miwili.

"Pole, Mama Alen. Tumesikia Mwalimu ameacha dini."

"Umesikia wapi?"

"Kwa kinywa chake mwenyewe, mwenzangu. Nilikuwa nanunua nyanya."

"Basi ungemaliza nyanya ukaja kuona," alisema Vumilia, na mapeasi akayarudisha.

Wazee wa kanisa wakaitisha kikao. Mwenyekiti wao, Mzee Leonard, hakuwepo siku ya sinema, alikuwa msibani Mnazi, na alikutana na habari njiani akiwa bado anapanda mlima. Alikuwa mtu wa haki, lakini mwenye hofu ya kashfa, na alikuja na neno "marudi" tayari mdomoni. Marudi maana yake Kristian angezuiwa Meza ya Bwana, asisimame tena nyuma ya bega la mhubiri yeyote, na jina la Shemhilu lisomwe mbele ya usharika baada ya matangazo ya mnada wa mavuno yaliyotolewa sadaka. Vumilia alikaa usiku kucha akiliwaza jambo hilo la mwisho. Kaburi la Alen lilikuwa na jina hilo hilo.

"Waeleze," alimwambia mumewe asubuhi, akimnyooshea kola. "Waambie ulizima ndipo ukasema yako."

"Mkalimani akianza kujitetea kwa kila aliloambiwa aseme, nani atamwamini tena? Watasema haya yalikuwa yake, yale hayakuwa yake. Kila mtu atachagua."

"Basi watakutenga."

"Mungu anajua."

"Mungu anajua, lakini si mjumbe wa kikao."

Alichukua kofia yake, akatoka.

Vumilia si mtu wa kusikiliza madirishani. Siku hiyo alikuwa. Akina mama walikuwa wakichemsha chai ya wazee jikoni kwa mchungaji, na dirisha la jiko linatazamana na la ofisi. Alishika sufuria ambayo haikuhitaji kushikwa.

Ndani walianza na sinema yenyewe. Mmoja alitaka ichomwe moto, mwingine akauliza utachomaje kitu kilicho kwenye simu ya kila kijana. Mzee mmoja alisema Wamarekani hawana adabu, wamemfanya nabii kuwa askari mstaafu. Evelina, mwalimu wa shule ya Jumapili, alisema yeye hana ugomvi na sinema: Jumapili ile, kwa mara ya kwanza, watoto walimnyang'anya Biblia mikononi wakitaka kuona wenyewe kama mji uliungua kweli. "Mimi nimefundisha Yona miaka yote hiyo wakisinzia," alisema. Mchungaji, aliyeitaka sinema, alikuwa akitazama sakafu.

Kisha Mzee Leonard akakohoa.

"Mwalimu, tunakuheshimu. Lakini maneno yale yalitoka kinywani mwako, katika nyumba ya Bwana. Ungeweza kusema, 'Yona anasema.' Ungeweza kuruka. Kwa nini hukuruka?"

"Sijawahi kuruka," alisema Kristian.

"Unatubu?"

"Nitatubu kwa nililolikosea. Nilikosea kutoitazama mapema. Mke wangu aliniambia."

Jikoni, akina mama walimtazama Vumilia. Vumilia alitazama sufuria.

"Hilo si tunalouliza," alisema Mzee Leonard.

Hapo mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Mama Esteria, na Hamza nyuma yake ameshika kofia yake mkononi. Kama kuna mtu aliyekuwa na ushahidi wa kummaliza mumewe, ni yule aliyesimama katikati ya ukumbi na kupiga kelele.

"Mama Esteria, hiki ni kikao," alisema mwenyekiti.

"Najua ni nini. Chai yenu inanukia hadi barabarani. Mimi ndiye niliyetoka siku ile, na nimekuja kuuliza swali moja. Ijumaa Kuu tunasoma mateso ya Bwana kwa kugawana sauti. Sauti ya Petro nani huisoma?"

Wazee walitazamana.

"Nani, Mzee Leonard?"

"Mwalimu."

"Kwa kipaza sauti kipi?"

"Kile kile."

"Basi huyu anamkana Bwana kila mwaka, mara tatu, mbele ya jogoo na mbele yenu. 'Simjui mtu huyo!' Tena analisema kwa uchungu hadi mimi nalia. Mbona hamjamtenga? Baada ya ibada mnampa chai, tena na maandazi!"

Mtu mmoja alicheka puani, akajizuia. Mwingine hakujizuia. Mzee Leonard alifungua mdomo, akaufunga, na mabega yake yakaanza kutikisika.

"Lakini wewe mwenyewe ulitoka," alisema, akijifuta macho.

"Nilitoka kwa sababu sinema ni mbaya. Ningejua mnataka kuufunga mfereji kwa sababu ya tope la mtu mwingine, ningekaa."

Kisha akamsukuma Hamza mbele. Hamza aliwaamkia wazee, akasema hana mengi, yeye ni wa waya tu. Lakini aliingia sauti ilipokatika, akamsikia Mwalimu akisema kwamba mji haukuungua na kwamba yeye anaamini hivyo. "Kwetu pia haukuungua," aliongeza. "Watu wa Yunus waliamini, wakasamehewa. Mimi nilishangaa tu kwa nini Mwalimu amezima. Ningemwambia asizime, sokoni wasikie."

Kristian, ambaye hakuwa ametikisika kwa lawama, aliinamisha kichwa kwa utetezi. Jikoni Vumilia aliweka sufuria chini. Mama mmoja alimsogezea kigoda, naye akakikalia, akavuta pumzi kama mtu aliyetua kuni baada ya mlima wote.

Hakukuwa na marudi. Hakukuwa na tangazo. Uamuzi wa wazee ulikuwa mmoja: Jumapili inayofuata Hamza atundike spika pale pale, na Mwalimu asome Yona sura ya tatu na ya nne, kuelekea sokoni.

Alisoma. Alisoma toba ya mfalme aliyevaa gunia, na ng'ombe waliofungishwa saumu. Alisoma hasira ya Yona, ya kweli sasa, ile iliyomo ndani ya Biblia, Yona akimwambia Mungu kwamba ni heri afe kuliko kuishi. Alisema "mimi" na "nafsi yangu" kwa sauti ile ile, na hakuna aliyesimama. Alipofika kwenye swali la mwisho, Mungu akiuliza kwa nini asiuhurumie mji mkubwa ule, alilisoma, akafunga kitabu. Alipotoka, mama wa mapeasi alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake. Safari hii Vumilia aliyapokea.

Kristian alikalimani hadi mwaka aliofariki. Walipomzika, mchungaji alivaa mavazi yake kamili, kengele ililia kutoka kanisani hadi kaburini, na kwaya ya Mama Esteria iliimba kwa muda mrefu kuliko mgeni yeyote angevumilia. Hamza alibeba jeneza kwa upande wa kulia. Aliyetengwa hazikwi hivyo. Mwenye shaka na aulize kengele.

Limebaki jambo moja ambalo watu wa barabara ya Lukozi hupenda kulichokonoa, hasa akina mama wakiona chai inakaribia. Wanasema sawa, yalikuwa maneno ya sinema, lakini mbona sauti yake ilitetemeka pale kwa habari ya mwana? Je, hapo alikuwa anamsemea Yona, au alikuwa anasema yake? Na walipofika nyumbani jioni ile, wawili peke yao, alimwambia mkewe nini?

Alimwambia. Mkewe alisikia, anakumbuka kila neno, na hasemi.